PAUL LANGERHANS, MTU ALIYEKUBALI KWAMBA HAJUI

Jina la Langerhans tunaliandikaka katika kaye ya biolojia, lakini wengi wetu hatujui alikuwa nani.

Alizaliwa Berlin, Ujerumani, tarehe 25 Julai 1847. Baba yake alikuwa munganga, naye akafuata kazi ileile. Mwaka 1869, angali mwanafunzi wa miaka 21, alitazama pankreasi ya sungura kwa mikroskopi. Watu walijua kwamba pankreasi inatoa maji ya kuyeyusha chakula. Yeye akaona jambo lingine: seli ndogo, nyangavu, zimekaa makundi makundi katikati ya zingine. Zinatumika kazi gani? Katika kitabu cha kumaliza masomo aliandika wazi kwamba hajui.

Akawa mwalimu katika chuo kikuu cha Freiburg, lakini mwaka 1874 kifua kikuu kikamshika. Akaenda kukaa Madeira, kisiwa cha bahari ya Atlantiki. Kule alitunza wagonjwa na kuchunguza minyoo ya bahari. Alikufa tarehe 20 Julai 1888 kwa ugonjwa wa figo, zimebaki siku tano tu afikishe miaka 41. Jibu hakulipata.

Mwaka 1893 Mfaransa Laguesse aliyapa makundi yale jina la visiwa vya Langerhans. Mwaka 1921, kule Toronto, Banting na Best walipata insulini, dawa ya wagonjwa wa sukari. Njo visiwa vile vinaitengeneza.

Lakini visiwa vinaweza pia kuota uvimbe. Mwaka 1927 waganga wa Mayo Clinic, Marekani, walieleza habari ya mgonjwa aliyeishiwa sukari ya damu kwa sababu uvimbe wa namna hiyo ulimwaga insulini kupita kiasi. Kwa mikroskopi, seli za uvimbe huo zinafanana sana: viini vya mviringo, zimejipanga vifungu au mistari, na mishipa midogo ya damu kati yao. Kwa sura tu, mara nyingi huwezi kujua kama ni mkali. Ni lazima kuhesabu seli zinazogawanyika. Sisi wa Manika tunaelewa: jiwe la kijani linaonyesha shaba, lakini shaba ni ngapi ndani, rangi haisemi. Inapimwa.

Basi ndugu, siku ya mikroskopi, andika ile uliyoona. Usipojua, andika kwamba hujui. Langerhans alifanya hivyo, na wengine wakapata pa kuanzia.