Carl Akeley: Fundi Aliyeuweka Mwanga wa Afrika Nyuma ya Kioo

Askari aliyepata kushika zamu upande wa Lumino, kwenye njia iendayo Majanji ziwani, anajua kwamba kichaka kile kile huwa na sura tatu kwa siku. Alfajiri huwa cha kijivu, adhuhuri hukosa kivuli, na jua likichwa huwaka kama makaa. Asiyezitambua sura hizo hudanganywa na macho yake. Alikuwako mtu mmoja aliyeufanya utambuzi huo kuwa kazi ya maisha yake, naye alizikwa katika milima ya Virunga inayopakana na Uganda.

Carl Ethan Akeley alizaliwa tarehe 19 Mei, 1864, huko Clarendon, jimbo la New York, Marekani. Tangu ujana wake alijifunza kuhifadhi wanyama waliokufa. Zama hizo ngozi ilishindiliwa majani makavu hata mnyama akafanana na gunia. Akeley aliukataa ufundi huo. Alifinyanga kwanza kiwiliwili cha udongo, akidhihirisha kila msuli, kisha akatoa kwacho umbo jepesi la kuvikwa ngozi. Mwaka 1890, katika makumbusho ya Milwaukee, alitengeneza diorama ya panya wa majini: kijumba chenye kioo mbele, wanyama katikati, na nyuma yao mandhari iliyochorwa.

Mwaka 1896 alifika nchi ya Wasomali. Huko chui aliyejeruhiwa alimrukia na kuung'ata mkono wake. Risasi zilikuwa zimemwishia, basi akamkaba koo na kumkandamiza kwa magoti hata chui akafa. Mwaka 1910, katika miteremko ya Mlima Kenya, ndovu alimgandamiza chini, akamvunja mbavu na kumpasua uso. Wapagazi walidhani amekufa. Alipokuwa akiuguza majeraha hayo, alipata wazo la kujenga ukumbi mmoja ambamo Afrika yote ingeonekana. Alitengeneza kwanza mfano mdogo wa ukumbi huo, ili wakuu wa makumbusho ya viumbe mjini New York waone kwa macho jambo ambalo maneno hayakutosha kulieleza.

Kazi hiyo ilikuwa na sheria kali. Ukuta wa nyuma ulipindwa kama nusu ya chungu ili usiwe na pembe za kuvunja anga. Milima ya mbali ilipakwa rangi hafifu yenye kuelekea buluu, na ya karibu rangi nzito, kwa kuwa hewa yenyewe hufifisha vilivyo mbali. Taa zilifichwa juu, na ukumbi wenyewe ukaachwa katika giza. Ilimpasa mchoraji achague saa moja ya siku na asiiache: kivuli cha jani la nta kilicho mbele kikielekea kushoto, kivuli cha mti uliochorwa nyuma hakiwezi kuelekea kulia. Kosa dogo kama hilo huuvunja udanganyifu wote. Wala si kila kitu kilichoonekana porini kiliingizwa. Yalichaguliwa majani na mawe ya mahali pamoja halisi, yakachukuliwa vielelezo na vipimo, na yasiyosaidia yakaachwa.

Lakini kazi hiyo ilidai uhai wa wanyama. Mwaka 1921 Akeley aliwaua sokwe wakubwa wa milimani katika Kongo ya Wabelgiji. Alipoutazama uso wa mmoja wao, alijiona karibu na muuaji. Tangu hapo alitumia jina lake kudai kwamba milima ile ilindwe. Mwaka 1925 Mfalme Albert wa Ubelgiji alianzisha hifadhi ya taifa, ya kwanza katika Afrika, ambayo leo inaitwa Virunga. Askari wake zaidi ya 200 wamekwisha kuuawa wakiilinda.

Mwaka 1926 alirudi pamoja na mkewe Mary na mchoraji William Leigh, ili mchoraji auone mwanga wa milima ile kwa macho yake mwenyewe, asiukisie akiwa New York. Akeley alipanda akiwa mgonjwa. Alifariki mwezi Novemba mwaka huo, akazikwa kwenye miteremko ya Mlima Mikeno. Mkewe na wenzake waliendelea na kazi.

Ukumbi ulifunguliwa mwaka 1936 ukiwa na jina lake. Una diorama 28, na ndovu wanane katikati. Katika diorama ya sokwe, nyuma ya wanyama, imechorwa nchi ile ile alikozikwa. Sokwe wale waliuawa kwa ajili ya kioo kile, na jambo hilo halifutiki. Hata hivyo, jamaa zao wangali wanaishi katika misitu ya Mikeno, kwa kuwa mtu aliyekwenda kuwachunguza kwa makini alirudi akiwa mlinzi wao.