Idi Amin: Nduli aliyekufa bila kusomewa mashitaka

AGOSTI 16, 2003, katika hospitali ya Mfalme Faisal mjini Jeddah, Saudi Arabia, alifariki dunia mzee mmoja aliyekuwa akisumbuliwa na maradhi ya figo. Alizikwa katika makaburi ya Ruwais mjini humo, bila gwaride wala mizinga. Mzee huyo alikuwa Idi Amin Dada, aliyeitawala Uganda kwa mtutu wa bunduki kwa miaka 8, na ambaye Watanzania wanamkumbuka kwa jina la Nduli.

Miaka mitatu baadaye, Desemba 30, 2006, Saddam Hussein alinyongwa mjini Baghdad, na Iraq ikaendelea kumwaga damu. Tangu hapo mjadala haujakoma: je, kumuua dikteta aliyeangushwa huleta haki au huchochea machafuko? Maisha ya Amin yanalijibu swali hilo kwa upande wa pili, kwani yeye aliachwa akaishi.

Amin alizaliwa miaka ya 1920 katika jamii ya Wakakwa, ambao asili yao nchini Uganda ni eneo la West Nile, kaskazini magharibi. Mwaka 1946 alijiunga na jeshi la kikoloni la King's African Rifles, akapigana dhidi ya Mau Mau nchini Kenya na kuwa bingwa wa ndondi wa Uganda. Elimu yake ilikuwa ndogo, lakini mwaka 1961 alikuwa mmoja wa Waganda wawili wa kwanza kupewa cheo cha ofisa.

Aliyemkweza zaidi ni Milton Obote. Mei 1966, Obote alipotaka kumwondoa Kabaka Mutesa, Amin ndiye aliyeongoza mashambulizi dhidi ya kasri la Mengo. Januari 25, 1971, Obote akiwa Singapore katika mkutano wa Jumuiya ya Madola, Amin alimpindua. Mwalimu Julius Nyerere alikataa kuutambua utawala huo na kumpa Obote hifadhi nchini Tanzania.

Watu wengi wa Kampala walishangilia mapinduzi hayo, lakini shangwe hazikudumu. Agosti 1972 Amin aliwapa Waasia siku 90 kuondoka nchini. Mwezi uliofuata, askari walimkamata Jaji Mkuu, Benedicto Kiwanuka, ndani ya jengo la Mahakama Kuu, na hakuonekana tena. Februari 1973, watu waliotuhumiwa kuwa waasi walipigwa risasi hadharani katika miji kadhaa. Februari 1977 aliuawa Askofu Mkuu Janani Luwum pamoja na mawaziri wawili, na serikali ikatangaza kuwa ni ajali ya gari. Idadi ya waliouawa katika miaka hiyo inakadiriwa kuwa kati ya 100,000 na 500,000.

Mtawala huyo, basi, aliamini sana katika adhabu ya kifo. Aliitoa bila kusikiliza utetezi, na kila alipoua aliongeza maadui badala ya kuwapunguza.

Anguko lake alilianzisha mwenyewe. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi yake yalivamia Mkoa wa Ziwa Magharibi, ambao leo ni Kagera, yakaua raia, kupora mifugo na kuvunja daraja la Kyaka. Novemba 2, Nyerere alilitangazia taifa vita. Vijana wa mgambo waliitwa kutoka mikoa yote, na magari ya abiria na ya mizigo yakachukuliwa kusafirisha askari. Kampala ilitekwa Aprili 11, 1979. Amin alikuwa amekwisha kutoroka. Alikimbilia Libya, kisha Saudi Arabia, ambako alitunzwa kwa sharti la kutojihusisha na siasa. Mwaka 1989 alijaribu kurudi kupitia Zaire, akakamatwa Kinshasa na kurejeshwa Jeddah.

Wanaodai kuwa kutomuua dikteta huleta utulivu hawana ushahidi kwa Uganda. Yusuf Lule alidumu madarakani siku 68. Godfrey Binaisa aliondolewa Mei 1980. Uchaguzi wa Desemba mwaka huo ulimrudisha Obote na kuzaa vita vya msituni vilivyomalizika Januari 1986. Amin akiwa mbali kwa starehe, gharama ya makosa yake ililipwa na watu wa kwao. Mwaka 1980 na 1981 askari wa serikali mpya waliingia West Nile kwa kisasi, wakaua raia na kuchoma nyumba, na umati mkubwa ukakimbilia Sudan na Zaire. Kwa kuwa hapakuwa na mahakama ya kumtenga mwenye hatia na asiye na hatia, kabila zima lilihukumiwa.

Lakini kitanzi peke yake nacho kisingetosha. Mwaka huohuo wa 1979, Francisco Macías Nguema wa Guinea ya Ikweta aliangushwa Agosti, akahukumiwa kwa haraka na kupigwa risasi Septemba 29. Nchi ilitulia, lakini mpwa wake aliyempindua, Teodoro Obiang, alibaki Ikulu kwa zaidi ya miaka 40. Jean-Bedel Bokassa wa Afrika ya Kati, naye aliyeangushwa Septemba 1979, alirejea mwaka 1986 na kusomewa mashitaka mbele ya wananchi wake. Alihukumiwa kifo mwaka 1987, adhabu ikapunguzwa, na mwaka 1993 akaachiwa huru. Hakuuawa, lakini waliofiwa walisimama mbele yake wakatoa ushahidi.

Nafasi hiyo ndiyo waliyonyimwa mjane wa Kampala na mfugaji wa Kyaka. Haki ya dikteta huanza pale anapolazimishwa kusikiliza, na adhabu huja baadaye. Anayeuawa haraka hufa na siri za wenzake, na anayeachwa huwaachia wengine deni lake.

Kwa Tanzania, deni hilo lilikuwa la damu na la fedha. Mradi wa kuhamishia makao makuu Dodoma, uliopitishwa mwaka 1973 ukitarajiwa kuchukua miaka 10, ulijikuta katika miaka ya ukata iliyofuata vita. Leo Makole ni kata ya mji mkuu wa nchi, na kila Julai 25, Siku ya Mashujaa, taifa huwakumbuka wanajeshi wake waliokufa, wakiwamo wale wa Kagera. Wao walimwondoa Amin madarakani. Kazi ya kumfikisha kizimbani ilikuwa ya wengine, na haikufanyika.