Mtunzi wa Damu ya Bukini

Wimbo una wazazi wawili, mwenye muziki na mwenye maneno, lakini sifa mara nyingi humwendea mwenye sauti. Msikilizaji hulijua jina la mwimbaji, wala haulizi ni nani aliyekesha akipanga maneno. Leo tunapenda kumkumbuka mmoja wa watunzi hao waliosahauliwa, marehemu Andy Razaf, aliyefariki California, Marekani, tarehe 3 Februari, 1973. Sisi watu wa visiwani tunayo sababu ya ziada ya kumkumbuka, kwani asili yake ilikuwa katika bahari yetu hii, katika kisiwa kikubwa cha Madagaska ambacho wazee wetu walikiita Bukini.

Jina lake kamili lilikuwa Andriamanantena Paul Razafinkarefo. Baba yake, Henri, alikuwa wa ukoo wa Malkia Ranavalona wa Tatu. Mama yake, Jennie, alikuwa binti wa John Waller, Mmarekani mweusi aliyezaliwa utumwani, kisha mwaka 1891 akateuliwa kuwa konseli wa Marekani katika bandari ya Tamatave, ambayo leo ni Toamasina. Mwaka 1895 majeshi ya Ufaransa yalipokivamia kisiwa, Waller alikamatwa na kuhukumiwa na mahakama ya kijeshi kifungo cha miaka 20, ingawa aliachiliwa mwaka uliofuata. Henri aliuawa katika vita hivyo. Jennie, naye bado msichana mdogo, alirejea Marekani akiwa mja mzito, na tarehe 16 Desemba, 1895, akajifungua mtoto wa kiume mjini Washington. Wakati huo mji wa Antananarivo ulikuwa umekwisha kuanguka. Malkia naye alipelekwa uhamishoni mwaka 1897, akafia Algiers mwaka 1917. Hivyo mtoto yule alizaliwa akiwa amekwisha kumpoteza baba na ufalme wa baba.

Alikulia katika maisha ya dhiki. Akiwa na umri wa miaka 16 aliacha shule, akawa mwendesha lifti mjini New York, katika jengo lenye ofisi za wachapishaji wa nyimbo. Mwaka 1913 wimbo wake wa kwanza ukaingizwa katika tamasha kubwa la jukwaani. Baadaye alitunga mashairi ya kudai haki na heshima ya watu weusi, na yakachapishwa katika magazeti yao, likiwamo Negro World la Marcus Garvey.

Sifa yake ilipanda alipoungana na mpiga piano Thomas Waller, aliyejulikana kama Fats, ambaye hakuwa na udugu na babu yake licha ya kufanana majina. Mwaka 1929 walitoa nyimbo za tamasha la Hot Chocolates, pamoja na Harry Brooks, na miongoni mwake ulikuwamo Ain't Misbehavin'. Mwaka huo huo ukatoka Honeysuckle Rose, na mwaka 1930 Razaf akaandika maneno ya Memories of You kwa muziki wa Eubie Blake. Nyimbo hizi bado zinapigwa na wanamuziki wa jazi ulimwenguni kote.

Kwa maoni yetu, kazi yake iliyo nzito kuliko zote ni Black and Blue, wa tamasha hilo hilo. Inasimuliwa kwamba mmoja wa wafadhili alidai wimbo wa kuchekesha, wa kumdhihaki mwanamke mweusi. Razaf hakuweza kukataa waziwazi, lakini aliandika malalamiko ya mtu anayeumizwa kwa sababu ya rangi ya ngozi yake. Louis Armstrong aliurekodi mwaka huo huo, na dhihaka iliyotakiwa ikawa hoja ya haki.

Pamoja na hayo, malipo yalikuwa duni. Mwaka 1929 Fats aliuza haki zake katika nyimbo kadhaa, ukiwamo Ain't Misbehavin', kwa dola 500. Razaf naye aliuza nyingi kwa malipo ya mara moja. Hatuwezi kusema kwamba hawakuijua thamani ya kazi yao; walikuwa na shida za siku ile, na mwenye shida hana nafasi ya kupatana bei. Tangu mwaka 1951 Razaf aliugua, akaishi katika kiti cha magurudumu. Heshima ya kuingizwa katika orodha ya watunzi mashuhuri wa nyimbo wa Marekani aliipata mwaka 1972, miezi michache tu kabla ya kufa.

Maisha haya yana funzo kwetu, kwani visiwa vyetu vina watunzi wengi wa taarabu na ngoma ambao tungo zao huimbwa kila arusi. Tunawaomba wakuu wanaohusika na utamaduni wahakikishe kwamba jina la mtunzi linaandikwa na kutangazwa pamoja na la mwimbaji, kwamba mkataba unasomwa na kueleweka kabla ya kutiwa saini, na kwamba haki yake inamfikia kwa wakati. Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete. Nasi tunakumbusha kwamba pete huvikwa aliye hai.