WEWE SI TAKATAKA!
Habari za Apolo Kivebulaya, mvuta bangi aliyefanywa mtumishi wa Mungu



Karatasi hii umepewa njiani, labda hapa hapa Nkuhungu, ukiwa unapita zako. Usiitupe kwanza. Isome mpaka mwisho, ni dakika chache tu.

Nikuulize: unajionaje? Pengine unashinda kijiweni, upepo na vumbi la Dodoma vinakupiga, unaangalia magari ya wakubwa yanavyopita tangu serikali ihamie hapa. Wenzako wako chuo kikuu, wewe uliishia darasa la saba. Nyumbani wamekuchoka. Moyoni unajisemea kwamba hata ukifa leo, hakuna atakayeona pengo. Basi unatafuta ujasiri kwenye chupa au kwenye msokoto, na kukipambazuka ujasiri wote umeyeyuka. Sikia habari za mtu aliyewahi kupita njia hiyo.

ALIANZA VIBAYA

Apolo alizaliwa Buganda, katika Uganda ya leo, yapata mwaka 1864. Alizaliwa pacha, akaitwa Waswa. Ujana wake haukuwa wa kujivunia. Alivuta bangi. Akawa askari katika miaka ile ya vita vya Buganda, akatembea na bunduki mpaka Toro, magharibi kabisa. Alikuwa amewahi kusikia mafundisho ya mmisionari Alexander Mackay, lakini neno lile lilikaa kama mbegu ya mtama ardhini, likisubiri mvua.

Mvua ikaja! Mwaka 1893 uamsho ulitikisa Buganda. Mwaka 1895 Waswa akabatizwa, akachukua jina la Apolo, yule mhubiri wa kitabu cha Matendo ya Mitume. Watu wakamwita pia Kivebulaya, maana yake kitu kilichotoka Ulaya, kwa sababu ya koti lake jekundu la kijeshi. Lakini angalia, ndugu yangu: si koti lililomfanya kuwa mtu. Makoti mangapi umeyaona mjini, na ndani yake moyo unalia?

ALIENDA WALIKOSHINDWA WENZAKE

Akiwa Toro, akasikia habari za Boga, ng'ambo ya bonde la Semliki, katika Kongo ya leo. Walimu wawili waliotangulia huko walinyimwa chakula mpaka wakaondoka. Nani angetaka kwenda? Apolo akakubali. Mwaka 1896 akavuka milima ya Ruwenzori kwa miguu, akafika.

Usidhani mambo yalikuwa mteremko. Chifu wa Boga, Tabaro, hakumtaka. Apolo akapigwa. Kisha dada yake chifu akafa kwa ajali ya mkuki, na lawama zote zikamwangukia Apolo. Akakamatwa, akapelekwa Toro, akafungwa.

Mtazame pale gerezani. Hana cheo, hana mali, hana wa kumtetea, na jina lake limechafuliwa kwa jambo ambalo hakulikusudia. Hapo ndipo mtu hujiona si kitu kabisa. Lakini hapo hapo, Apolo alishuhudia kwamba Bwana Yesu alimtokea, aking'aa kama jua, akamtia moyo asiogope kwa maana yuko pamoja naye.

Minyororo haikukatika siku ile. Kilichokatika ni woga! Alipoachiwa alirudi wapi? Alirudi Boga, kwa wale wale waliomtesa. Na yule chifu Tabaro akaokoka, akabatizwa, akaitwa Paulo. Haleluya!

ALIWAINUA WALIODHARAULIWA

Apolo akawa shemasi mwaka 1900, na kasisi mwaka 1903. Hakuoa. Kuanzia mwaka 1921 aliingia msitu wa Ituri kuwatafuta Wambuti, watu wafupi wa kimo ambao majirani zao waliwadharau kama si binadamu kamili. Yeye alikaa nao, akajifunza lugha yao, akawaambia kwamba Mungu anawajua. Unaona? Mtu aliyejua thamani yake mbele za Mungu hana haja ya kumkanyaga mwingine ili aonekane mrefu.

Alifariki Boga tarehe 30 Mei 1933. Desturi ilikuwa kuzika kichwa kikielekea mashariki. Yeye aliomba chake kielekee magharibi, upande wa msitu, kwa sababu kazi ilikuwa haijaisha. Leo Kanisa Anglikana la Kongo linahesabu mwanzo wake pale Boga, kwa yule kijana aliyekuwa mvuta bangi.

NA WEWE JE?

Sikuahidi gari wala nyumba. Apolo alikufa bila utajiri. Ninakuambia hili: aliyekuumba anakujua kwa jina, na Yesu alikufa kwa ajili yako ungali mwenye dhambi, kabla hujatengeneza lolote. Hiyo ndiyo bei yako. Cheti hakiongezi, na umaskini haupunguzi. Soma mwenyewe Yohana 1:12 na Warumi 5:8.

Ukiwa tayari, hapo ulipo, iwe kijiweni au chumbani, sali hivi kwa moyo wako:

Bwana Yesu, nimekuja kama nilivyo. Nimetenda dhambi, nimejidharau, nimewadharau na wengine. Nisamehe. Ingia moyoni mwangu, unifanye mtoto wako. Nipe ujasiri unaotoka kwako. Amina.

Umesali? Basi usikae peke yako. Tafuta Biblia, anza na Injili ya Yohana. Tafuta kanisa linalohubiri wokovu karibu na unapoishi, uwaambie umeokoka. Leo jioni njoo tena mkutanoni, na umlete yule rafiki yako wa kijiweni. Naye si takataka.

Ukimaliza kusoma, mpe mwenzako.