Ludwig Bockholt na Chombo cha Anga Kisichofika Afrika Mashariki

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

TAREHE 7 Aprili, 1918 chombo cha anga cha Ujerumani kilichojulikana kwa jina la L59 kiliwaka moto na kuanguka baharini katika Mlango wa Otranto, kati ya Italia na Albania, kikiwa njiani kwenda kuishambulia kwa mabomu kambi ya wanamaji wa Uingereza kisiwani Malta. Hakuna aliyenusurika. Miongoni mwa waliopotea alikuwa kamanda wake, Ludwig Bockholt, ofisa wa Jeshi la Majini la Ujerumani ambaye miezi mitano kabla ya hapo alitumwa kuleta risasi na dawa katika nchi ambayo leo ni Tanzania.

Safari hiyo husimuliwa zaidi kutokana na urefu wake. Kwa wakazi wa Dodoma na uwanda wa kati ina maana nyingine pia, kwani vita ambavyo Bockholt alitumwa kuvipa nguvu ndivyo vilivyochangia kuitumbukiza Ugogo katika njaa kubwa inayokumbukwa kwa jina la Mtunya.

Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia iliufikia uwanda huo kwa kishindo mwaka 1916. Mwezi Aprili majeshi ya upande wa Uingereza, yakiongozwa na Jenerali van Deventer kutoka Afrika Kusini, yaliingia Kondoa Irangi, na tarehe 29 Julai yakaiteka Dodoma pamoja na reli yake. Kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, alirudi nyuma kuelekea kusini. Kufikia mwishoni mwa mwaka 1917 alikuwa amebanwa karibu na Mto Ruvuma, akiwa na upungufu mkubwa wa risasi na dawa, huku meli za Uingereza zikiwa zimeifunga njia ya bahari.

Kwa kuwa bahari ilikuwa imefungwa, Ujerumani iliamua kutumia njia ya anga. Chombo kilichochaguliwa kilikuwa cha aina ya Zeppelin, ambacho kilielea kwa gesi nyepesi ya haidrojeni na kusukumwa na injini. Aliyekabidhiwa kazi hiyo alikuwa Bockholt. Tayari alikuwa amejipatia sifa mwezi Aprili 1917, alipokishusha chombo cha L23 juu ya Bahari ya Kaskazini na kuiteka meli ya matanga ya Norwei iliyoitwa Royal. Hata hivyo, chombo cha kwanza alichoandaliwa kwa safari ya Afrika, L57, kiliharibiwa na dhoruba nchini Ujerumani mwezi Oktoba mwaka huohuo. Ndipo L59 ilipoandaliwa kwa haraka. Ilikuwa na urefu wa zaidi ya mita 226.

Chombo hicho kiliondoka Jamboli, nchini Bulgaria, tarehe 21 Novemba, 1917 kikiwa na watu 22 na shehena ya takriban tani 15, zikiwemo risasi, bunduki za rashasha na dawa. Hakikutarajiwa kurudi, kwa sababu Afrika Mashariki hapakuwa na haidrojeni ya kukijaza tena. Kitambaa cha nje kingeshonwa mahema, kitambaa cha ndani kingekuwa bandeji, na vyuma vyake vingejenga mnara wa redio. Wafanyakazi wake nao wangejiunga na askari wa Lettow-Vorbeck.

Juu ya jangwa la Sahara, joto la mchana na baridi ya usiku viliwatesa, na hewa iliyochafuka ikakirusha chombo huku na huko. Injini moja iliharibika, na kwa kuwa ndiyo iliyoendesha mtambo wa kutuma ujumbe wa redio, chombo kilibaki na uwezo wa kusikia bila kujibu. Usiku wa kuamkia tarehe 23 Novemba, kikiwa upande wa magharibi wa Khartoum nchini Sudan, kilipokea amri ya kurudi. Eneo la Makonde lililokusudiwa kutua lilikuwa limeponyoka mikononi mwa Wajerumani.

Bockholt aligeuza. Tarehe 25 Novemba alitua Jamboli baada ya saa 95 angani na kilomita 6,757 bila kusimama, akiwa amebakiwa na mafuta ya kutosha kwa saa 64 zaidi. Siku hiyohiyo Lettow-Vorbeck alivuka Ruvuma na kuingia katika koloni la Ureno, ambako alijipatia silaha kwa kuwanyang'anya Wareno huko Ngomano. Vita viliendelea kwa mwaka mzima zaidi.

L59 ilipelekwa kwenye kazi ya mabomu. Mwezi Machi 1918 Bockholt aliushambulia mji wa Naples nchini Italia. Mwezi uliofuata alielekea Malta. Mabaharia wa nyambizi ya Ujerumani iliyokuwa jirani waliuona moto wake usiku. Chanzo chake hakikupata kuthibitishwa.

Wakati huo Ugogo ilikuwa ikilipa gharama ya vita hivyo. Nafaka na ng'ombe vilichukuliwa na majeshi ya pande zote mbili, na wanaume wenye nguvu walichukuliwa kuwa wapagazi wakati mashamba yakiwahitaji. Mvua zilipokosekana, ghala zilikuwa tupu na mifugo imepungua. Inakadiriwa kuwa Mtunya, iliyodumu kati ya mwaka 1917 na 1920, iliua watu wapatao 30,000.

Shehena ya Bockholt haikufika, na hakuna ajuaye ingeongeza miezi mingapi ya mapigano. Linalojulikana ni kwamba kila mwezi wa vita ulikula chakula cha wakulima. Saa za Bockholt angani zimehesabiwa moja baada ya nyingine. Wapagazi wengi wa Ugogo, waliobeba mizigo ya vita hivyo vichwani na wasirudi makwao, hawana hata kaburi lenye jina.