Ruth Harrison: Mwanamke aliyewasemea kuku wa kwenye vizimba

Kuku wako akifunguliwa asubuhi hufanya nini? Huparua, huoga vumbi, hukunjua mabawa. Kuku wa mayai kwenye vizimba vya waya hawezi hayo. Mara nyingi nafasi yake ni ndogo kuliko karatasi moja ya daftari kubwa.

Mtu aliyeufanya ulimwengu uone jambo hilo si mkulima wala daktari wa mifugo. Ni Ruth Harrison, aliyezaliwa London mwaka 1920. Alikuwa muumini wa Friends, dhehebu ambalo wenzetu wa Kaimosi, magharibi mwa Kenya, wanalifahamu vizuri. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alihudumu katika kikosi cha huduma cha Friends, kisha akasomea uigizaji.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 alipata kikaratasi kilichoeleza mateso ya wanyama wanaofugwa ndani kwa ndani. Angeweza kukitupa. Badala yake akaanza kuchunguza mashamba, na mwaka 1964 akatoa kitabu, Animal Machines. Dibaji yake iliandikwa na Rachel Carson, mwanasayansi maarufu wa Marekani.

Kitabu kilizua gumzo kubwa. Serikali ya Uingereza ikaunda kamati chini ya Profesa Brambell. Ripoti ya mwaka 1965 ilisema mnyama awe na nafasi ya kusimama, kulala, kugeuka, kujisafisha na kunyoosha viungo. Mwaka 1968 ikaja sheria ya kuwalinda wanyama wa shambani. Ruth mwenyewe aliingia kwenye kamati ya kuishauri serikali.

Hata hivyo vizimba vilibaki. Wafugaji walikuwa wameshavigharamia, na wanunuzi walitaka mayai ya bei nafuu. Ruth hakukata tamaa. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulipitisha uamuzi wa kuviondoa vile vya kawaida. Yeye alifariki Juni 2000, na marufuku ikaanza rasmi Januari 2012. Hakuishuhudia. Na hata hapo, vizimba vikubwa zaidi, vyenye kiota na kijiti cha kutulia, viliendelea kuruhusiwa.

Waliofuata nyayo zake waligeukia kampuni za chakula. Hoja yao ni rahisi: anayenunua mayai mengi ndiye anayeamua kuku afugwe vipi. Mwaka 2015 McDonald's iliahidi kuacha mayai ya kuku wa vizimbani katika migahawa yake ya Marekani na Kanada ndani ya miaka 10.

Leo vizimba hivyo vinauzwa hata kwetu, na si ajabu mfugaji akavutiwa, kwani huokoa nafasi na mayai hubaki safi. Kabla hujatoa pesa, jiulize swali la Ruth: je, kuku huyu ataweza kugeuka na kukunjua bawa? Jiulize pia kama mnunuzi wako wa kesho atayakubali mayai hayo.