Mwenda Jean Bosco, mutu wa gitare na mutu wa kazi

Kila mwaka, Agosti ikielekea mwisho na Septemba ikianza, magazeti ya Kifaransa yanajaa kumbukumbu za muziki wa rock. Tarehe 15 Agosti wanakumbuka Woodstock, ule mukutano mukubwa wa muziki wa 1969 kule Marekani. Tarehe 16 ni kifo cha Elvis Presley, 1977. Tarehe 18 Septemba ni kifo cha Jimi Hendrix, 1970. Hatuna neno juu ya hiyo. Mutu aliyefanya kazi yake vizuri, akumbukwe. Lakini mu mwezi ule ule wa Septemba kuko mutu mwingine wa gitare aliyekufa, na huyu alikuwa mutoto wa Congo, aliimba mu Swahili, na kwa wakati fulani alikula mushahara wa kompani ya migodi. Ni Mwenda Jean Bosco, anayeitwa tena Mwenda wa Bayeke. Alifariki Septemba 1990. Uliza vijana wanaoshinda mu mashimo ya Rubaya ao Bisie, wengi watakuambia hawamujui. Njo maana tunaandika.

Alizaliwa mwaka 1930 kule Bunkeya, Katanga. Bunkeya si kijiji cha hivi hivi. Ilikuwa makao ya mfalme Msiri, ambaye babu zake walitoka upande wa Unyamwezi, mu Tanzania ya leo, wakifuata biashara ya shaba na pembe. Msiri aliuawa mu Desemba 1891, wakati watu wa Leopold walikuja kumulazimisha akubali bendera yao. Jina Mwenda ni la ukoo ule wa kifalme wa Bayeke. Kwa hiyo mutoto huyu alizaliwa mu nyumba yenye jina, lakini mu inchi ambayo utawala wake ulikuwa umekwisha kuvunjwa, na shaba yake ilikuwa mu mikono ya wengine.

Hao wengine walikuwa Union Minière du Haut-Katanga, kompani iliyoanzishwa 1906. Muji wa karibu na Bunkeya, ambao leo tunauita Likasi, uliitwa Jadotville kwa jina la mukubwa mumoja wa kompani ile. Wafanyakazi waliletwa kutoka pande zote: Kasai, Rwanda, Rhodesia ya Kaskazini, na vijiji vya Katanga yenyewe. Kila mutu na luga ya mama yake. Walipopangwa mu makambi, nyumba kwa nyumba, luga iliyowaunganisha ilikuwa Swahili. Haikuwa Swahili ya pwani. Ilikuwa Swahili ya kazi, ya soko, ya kuomba chumvi kwa jirani. Mpaka leo kuko watu wanaoicheka, wanasema ni Swahili iliyovunjika. Wasome hii habari mpaka mwisho.

Jean Bosco alikuwa na miaka kumi na moja tu wakati wafanyakazi wa Union Minière waligoma, Desemba 1941, juu ya mushahara. Tarehe 9 Desemba, kule Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, askari walipiga risasi watu waliokusanyika ku kiwanja cha mupira. Makumi walikufa, na kati yao musemaji wao Léonard Mpoyi. Katanga aliyokomalia Jean Bosco ilikuwa hiyo: kuko kazi, kuko mushahara, kuko shule na hospitali za kompani, lakini mutu akifungua kinywa kuuliza haki yake, anajua kile kilichofanyika ku kiwanja.

Mu ile miji, gitare ilikuwa chombo cha mufanyakazi. Inabebwa ku mukono mumoja, haiombi umeme, na mutu mumoja anatosha. Vijana walipiga mangaribi, kisha kazi. Mwaka 1952 alifika Jadotville muzungu mumoja, Hugh Tracey, aliyekaa Afrika ya Kusini na kuzunguka inchi mingi na mashine ya kurekodi muziki wa Waafrika. Akamusikia kijana wa miaka 22, akamurekodi. Kati ya nyimbo zile kulikuwa moja inayoitwa Masanga. Diski zilitolewa na kompani ya Gallo ya Afrika ya Kusini, chini ya jina Gallotone, na Masanga ikaenda mbali kuliko mwenye kuipiga.

Mutu asiyejua gitare atauliza: kulikuwa nini ndani ya ile wimbo? Kulikuwa hivi. Wengi walikuwa wanakwangua kamba zote pamoja, wanaimba juu yake. Bosco alitumia vidole viwili tu vya mukono wa kuume, gumba na kile kinachofuata. Gumba linatembea ku kamba nene, linashika mwendo kama mutu anayetwanga. Kidole cha pili kinaimba ku kamba nyembamba. Ukisikia bila kuona, utaapa ni gitare mbili, na pengine tatu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, mwalimu wa muziki David Rycroft alikaa akaandika noti za nyimbo zake, moja kwa moja, ili watu wa mbali wajifunze namna inavyofanyika. Mpaka leo wapigaji wa gitare wa Ulaya na Marekani wanaisoma Masanga kama vile mutoto wa shule anasoma hesabu yake.

Mwisho wa miaka ya 1950 Bosco alienda Nairobi, na akapiga kule mpaka mwanzo wa miaka ya 1960. Ndugu yake Edouard Masengo, naye mupigaji mukubwa, alifika kule pia. Bosco alisikika ku redio, na vijana wa Kenya wakaanza kufuata vidole vyake. Hapa tuangalie kitu kimoja. Watu wa Nairobi walimusikiliza mu Swahili ile ile ya makambi, ile inayochekwa. Hakungoja kujifunza ya pwani mbele ya kuimba. Alikuja na luga ya wafanyakazi wa shaba, na mutu wa Kenya akaelewa, akapenda, akanunua diski.

Mu Julai 1969, mwezi mumoja mbele ya Woodstock, Bosco alipiga ku tamasha la Newport, kule Marekani. Kwa hiyo wakati magazeti yanatuonyesha picha za kiangazi kile cha 1969, na zile nywele ndefu na gitare za umeme, tukumbuke kwamba mutu wa Bunkeya alikuwa amekwisha kupita mu inchi ile, na gitare yake ya mbao.

Kisha alirudi nyumbani, kazini. Hapo njo maisha yake yanatugusa sisi. Jean Bosco hakuishi kwa muziki peke yake. Alikaa zaidi Lubumbashi. Alifanya kazi mu biro ya serikali, alifanya kazi mu banki, na alifanya kazi mu Gécamines, ile kompani iliyozaliwa wakati serikali ilichukua mali ya Union Minière mwaka 1967. Aliongoza orkestra yake. Alikuwa na hoteli karibu na mupaka wa Zambia. Mutu ambaye wimbo wake ulisikika inchi mingi alipaswa kuamuka asubuhi kama wengine kutafuta mukate. Wengine wataona ni aibu. Sisi wa sendika tunaona tofauti: kazi yenye mushahara na saa ya kutoka ilimupa mutu mangaribi yake, na mu mangaribi ile gitare ilipata nafasi. Muchimbaji anayeingia shimoni asubuhi na kutoka usiku, bila kujua kama siku yake italipwa, ataipiga saa ngapi?

Mwaka 1988 walimurekodi tena, kule Cape Town. Nyimbo zile zilitoka ku diski kisha yeye kufa. Septemba 1990 alipata ajali ya barabara mu Zambia, akafariki. Alikuwa na miaka sitini.

Mwezi ule ule, kule Kolwezi, sehemu ya katikati ya mugodi wa chini wa Kamoto iliporomoka. Gécamines, iliyokuwa inatoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka mu miaka ya 1980, mu 1994 haikufikisha hata tani 50,000. Mushahara ukakatika, na wengi wa Katanga wakaanza kuchimba kwa mikono, kama sisi huku. Ni mwaka ule tena ambapo UNTZA, sendika moja ya chama kimoja, ilipoteza haki ya kuwa peke yake, na mufanyakazi akaweza kuchagua sendika yake. Mu mwaka mumoja, inchi ya Bosco ikageuka, na yeye hakuiona.

Huku Masisi na Walikale, jiwe letu linatoka bila jina. Koltani inapanda mu guniya, inapita mipaka, inaingia mu simu, na hakuna anayejua ni nani aliichimba. Shimo likianguka, mara mingi hata majina ya waliobaki chini hayaandikwi. Bosco alitoka mu dunia hiyo hiyo ya migodi, lakini kazi yake inatembea na jina lake mbele. Hatuwezi wote kupiga gitare. Lakini tunaweza kudai liste ya majina ku kila shimo, na karatasi yenye jina la kila mutu anayeingia kazini.

Na Septemba hii, mwenye simu atafute Masanga. Apige kwa sauti, mangaribi, watoto wakiwa karibu. Awaambie ni nani anapiga, na alitoka wapi.